Mvinyo wa nyumbani: viwanda viwili vya Dodoma, kimoja nitarudi

Nimekulia Dodoma nikila zabibu za kununua barabarani, lakini kiwanda cha mvinyo sikuwahi kukikanyaga. Mwishoni mwa Agosti tulipanda SGR kutoka Dar, mimi, mume wangu na watoto wawili, kwenda kumsalimia mama. Mdogo wangu akasema, "Dada, safari hii hatushindi sebuleni." Akatupakia kwenye Noah, mama kiti cha mbele, tukaelekea Hombolo. Mdogo wangu hanywi pombe. Bahati yetu.

Kiwanda cha kwanza ni kidogo na kina shamba lake. Tulikuta wanavuna, na kijana aliyetuzungusha akanieleza jambo nililoliona utoto mzima bila kulielewa: kwa nini zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi. Wa kwetu hauna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima akishaupogoa, unachipua na kuanza upya. Akakata kichala cha zabibu nyekundu aina ya Makutupora, akampa mama. Mama akaminya punje moja, akalamba kidole, akasema, "Hizi bado siku tatu." Kijana akacheka: kipimo chao cha sukari kilikuwa kimesema hivyohivyo asubuhi.

Ndani kunanukia kama togwa iliyolala siku mbili. Akafungua mfuniko wa tangi moja tukachungulia: maganda yameelea juu, yanafukuta povu la zambarau. Hayo maganda ndiyo yanayoupa mvinyo mwekundu rangi yake. Wanangu walishangaa kusikia kwamba maji ya zabibu nyekundu, ukiyakamua tu, yanatoka karibu meupe.

Tulionja aina tatu. Mweupe mkavu, yaani usio na utamu, wa zabibu aina ya Chenin Blanc ndio ulionivutia zaidi: mkali kidogo, safi, umepoa sawasawa. Mwekundu mkavu ni wa kawaida. Mwekundu mtamu kwangu ni sharubati, ila mama, mlokole wa miaka mingi, alimaliza glasi yake akimtaja Timotheo na tumbo lake.

Kiwanda cha pili, jirani na mjini, sikitaji jina. Tulisubiri dakika arobaini ingawa tulipiga simu jana yake. Tangi hatukuonyeshwa. Tuliketishwa kwenye ukumbi wa bati saa nane mchana, tukamiminiwa mwekundu wa moto kama chai kwenye vikombe vya plastiki, na chupa za kuuza zimepangwa dirishani, jua linazipiga. Mume wangu aliuliza zabibu zinatoka kijiji gani. Dada wa mapokezi akasema atauliza, akaondoka moja kwa moja.

Ukienda, nenda asubuhi, Februari na Machi au Agosti na Septemba, uvae viatu vya kufunika. Shambani kuna mbigili.

Tulirudi na chupa nne, mama kazifunga kwenye kanga zake mbili. Kanga anazidai. Mweupe haukumaliza wiki.