AP Saikolojia: nilidhani ni somo la kupumzikia

Mimi ni mwalimu wa msingi. Saikolojia yangu ni ile ya chuo cha ualimu: hatua za Piaget za ukuaji wa mtoto, mbwa wa Pavlov waliozoeshwa kutoa mate kabla hata ya kuona chakula, basi. Kwa hiyo mtoto wa dada yangu, ambaye anakaa kwangu Mikocheni, alipochagua AP Saikolojia nilimwambia amechagua somo la kupumzikia. Ulimi hauna mfupa.

Kwa wasioijua, AP ni kozi ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo ambayo mtoto anaisoma akiwa bado sekondari. Mtihani unatungwa Marekani na College Board, unafanyika Mei, na alama ni 1 hadi 5. Akifanya vizuri, vyuo vingi vya huko vinamhesabia kozi hiyo, ingawa kila chuo kina kiwango chake. Ulizeni mapema.

Mada kuu ni tano, na ya kwanza ndiyo ilimtoa jasho binti: misingi ya kibaiolojia ya tabia. Nyuroni (seli za neva), homoni, usingizi, sehemu za ubongo na kazi zake. Aliyekimbia baiolojia akidhani huku ni kupiga porojo kuhusu hisia, itamngoja mlangoni. Zinafuata utambuzi (kufikiri na kukumbuka), ukuaji na kujifunza, saikolojia ya jamii na haiba, halafu afya ya akili na ya mwili. Na kama mtoto anataka kozi ya kumtuliza moyo wake, hii siyo. Inamfundisha ushahidi unavyopatikana, haimpi ushauri nasaha.

Msamiati ni mlima. Alikata manila vipande vidogo, upande huu neno, upande ule maana, na kazi ya kumuuliza nikabebeshwa mimi, asubuhi, kwenye foleni ya Bagamoyo Road. Lakini kukariri hakumfikishi mtu mbali. Kuna kadi moja tuligombana nayo wiki nzima: uimarishaji hasi. Mimi, mwalimu wa miaka yote hiyo, nikasema hiyo ni adhabu, fimbo. Akasema, "Hapana mama mdogo, adhabu inapunguza tabia. Hii inaiongeza." Sikuelewa mpaka usiku mita ya LUKU ilipoanza kulia pii, pii, pii, nikakimbilia simu kununua umeme ili inyamaze. Akacheka sana. Kero imeondoka, na mwezi ujao nitanunua kabla haijalia. Ndiyo hiyo. (Walimu wenzangu, ofisini tumelichanganya neno hili miaka mingi.)

Nilichokipenda zaidi ni kumkuta mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Habari za mtoto mchanga kushikamana na mama yake zimejaa kwenye mada ya ukuaji, na mama huyu kabla ya majaribio yake maarufu ya Marekani alikuwa hapa jirani, Uganda, miaka ya 1950, akiwatembelea akina mama wa Kiganda majumbani mwao na kuwaangalia na watoto wao. Mengi mengine kwenye kozi yanatoka Marekani na Ulaya, na binti alijifunza kuuliza: waliopimwa ni akina nani? Swali hilo lina alama kwenye mtihani kabisa.

Sasa malalamiko. Muundo wa mtihani ulibadilika kuanzia Mei 2025. Siku hizi ni maswali 75 ya kuchagua kwa dakika 90, kisha mawili ya kuandika kwa dakika 70: moja anachambua utafiti mmoja, jingine anajenga hoja kutokana na tafiti tatu. Sisi tulilipia masomo ya ziada kwenye kituo kimoja (sikitaji), wakawa wanamfanyisha mazoezi ya zamani, maswali 100 kwa dakika 70. Miezi miwili! Alikuwa anakimbizana na saa bure, na uchambuzi wa tafiti hawakuugusa hata siku moja. Kabla hujatoa hela, omba uone karatasi zao. Ukikuta mada tisa za zamani badala ya tano za sasa, aga uondoke. Hata kitabu nilichonunua Posta kwenye mitumba, elfu ishirini na tano, kilikuwa cha mada tisa. Maana za maneno kilisaidia, mazoezi yake hapana.

Mtihani unafanyika kwenye kompyuta, kwa programu ya Bluebook. Kwa umeme wetu huu, hakikisha betri inakaa na chaji, na programu imewekwa siku kadhaa kabla. Jibu la kukosea halipunguzi alama, kwa hiyo asiache swali wazi.

Ningemruhusu achukue tena? Ndiyo, ila kwa mtoto anayependa kusoma Kiingereza kirefu bila kulala. Matokeo yanatoka Julai. Kadi zimejaa boksi zima la viatu chini ya kitanda, nimemkataza kuzitupa, maana mdogo wake ameanza kuziulizia.