Makumbusho ya British Schools, Hitchin: nendeni hasa kwa ajili ya lile darasa la hesabu

Kama unakaa London au maeneo ya karibu na una watoto wa shule ya msingi, au we mwenyewe ni mwalimu, nenda hapa. Ni mtaa wa Queen Street mjini Hitchin, treni toka King's Cross kama nusu saa tu. Na ni shule kweli, majengo yenyewe yaliyosomesha watoto mpaka 1969.

Usikimbilie vyumba vingine, anza na darasa la 1837 la mfumo wa Joseph Lancaster, yule mwalimu Mwingereza aliyetumia wanafunzi kufundisha wenzao. Chumba kimoja, wavulana 300, mwalimu mmoja. Mmoja jamani! Nilishasoma habari zake ila ukisimama mle ndani ndo inakuingia. Waliofundisha ni viranja, watoto tu, kila mmoja na kikundi chake. Kwenye hesabu kiranja anapewa maswali na karatasi ya majibu yenye hatua zote, anasoma kwa sauti 7 na 9 ni 16, na 8 ni 24, andika 4 beba 2, wenzake wanaandika kwenye vibao vya mawe, na kwenye shule za mfumo huu wale wadogo kabisa walianza kwa kuchora kwa kidole kwenye mchanga. Lancaster alikuwa anajivunia kwamba hata mtoto wa miaka 8 anayejua kusoma na kutaja namba anatosha kufundisha kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, kwa sababu kila kitu kimeshaandikwa. Mi nafundisha hesabu na hapo roho iliniuma, maana jibu linatoka sahihi na hakuna aliyewahi kuulizwa kwa nini unabeba 2. Ila ukiwa na watoto 300 na hela ya mwalimu mmoja ungefanyaje? Walimu wa madarasa yaliyofurika kule nyumbani watanielewa.

Kuna na darasa la 1853, madawati yamepanda kama jukwaa la uwanja wa mpira, mwalimu anaona kila uso, na hapo anafundisha yeye mwenyewe, nalipenda zaidi. Ila ukikaa pale kumbuka kuanzia 1862 serikali ya Uingereza ililipa shule kwa matokeo, mkaguzi anakuja kupima mtoto mmoja mmoja, akifeli hesabu shule inakosa shilingi 2 na peni 8. Kukariri kusingeisha hapo.

Wapeni watoto swali la pesa za enzi hizo, sisi tumezoea shilingi ina senti 100, kwao shilingi ilikuwa peni 12 na pauni shilingi 20. Jumlisha pauni 3 shilingi 17 peni 9 na pauni 1 shilingi 5 peni 8, bila simu. Jibu pauni 5 shilingi 3 peni 5, na mtoto akilipata muulize amelipataje.

Nyota 5. Cheki siku za kufungua kwenye tovuti yao kabla hujakata tiketi ya treni.