Walivua mabati ya Kombi yangu ili "ipumue"

Naandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa miezi kadhaa imepita na gari lenyewe sasa linatembea vizuri. Kombi yangu ni Volkswagen ya mwaka 1974, ile yenye injini nyuma, ambayo marehemu baba aliinunua ikiwa tayari imetumika na ambayo mimi nimeitunza kwa mikono yangu tangu alipofariki. Sitaeleza ukubwa wa injini wala nguvu zake, kwa kuwa anayetaka kuyajua hayo atayapata kwingine. Ninachotaka kueleza ni jinsi gereji moja hapa mjini Tabora ilivyoondoa sehemu za gari langu bila kuniuliza, ikanitoza fedha, kisha ikanitaka nimlete mwanamume wa kuzungumza naye.

Niliipeleka kwa sababu ndogo tu. Oili ilikuwa inavuja nyuma ya injini na mkanda wa feni ulikuwa unapiga kelele asubuhi, mambo ya kawaida kwa gari la umri ule. Walishusha injini, jambo ambalo kwa Kombi si kazi kubwa kwa kuwa imeshikwa na boliti chache tu, wakabadilisha sili, yaani pete ya kuzuia oili isivuje, wakaipandisha, wakanitoza shilingi 180,000. Nililipa bila kubishana. Oili haikuvuja tena, na kwa siku chache zile niliwasifu mbele ya watu, jambo ambalo hadi leo linaniuma.

Safari ya kwanza yenye mzigo ilikuwa ya Sikonge kufuata asali. Sikumbuki vizuri kama ilikuwa Septemba mwishoni au Oktoba mwanzoni, lakini mvua zilikuwa hazijaanza na jua lilikuwa lile la Unyamwezi ambalo hata mbuzi hulikimbia. Nilipakia ndoo 20 za lita 20, na kwa kuwa lita moja ya asali hukaribia kilo moja na nusu, huo ni mzigo wa zaidi ya nusu tani. Nimeubeba mzigo kama huo kwa miaka mingi katika barabara hiyohiyo, na Kombi haikuwahi kulalamika.

Siku hiyo, kabla hata sijafika nusu ya kilomita 70 hivi za kurudi mjini, nilihisi gari linakuwa zito. Nikikanyaga mafuta, haliitikii. Kisha ikaja harufu ya oili iliyoungua, na nilipopunguza mwendo taa ya oili ikaanza kuwaka na kuzimika. Nilitazama kwanza taa nyekundu ya chaji, kwa sababu baba alinifundisha kwamba taa hiyo ikiwaka ghafla uzime injini palepale: mkanda unaozungusha dinamo ndio huohuo unaozungusha feni, na mkanda ukikatika Kombi haina kitu kingine cha kuipoza. Taa ile haikuwaka. Nikaegesha pembeni, nikafungua mlango wa nyuma, na joto lililonipiga usoni lilikuwa kama la tanuri la mkate. Mkanda ulikuwa mzima. Nilipochomoa kile kijiti cha kupimia oili, vidole havikuweza kukishika, na hicho ndicho kipimo changu cha siku zote, kwa maana gari hili halina geji ya joto: kijiti kikishikika, uko salama, kisiposhikika, usisogee hata hatua moja.

Dereva wa lori aliyekuwa anaelekea Ipole alisimama kunisaidia, na Mungu ambariki. Alishuka na dumu la maji akasema, "Pole mama, maji haya hapa, nionyeshe tu rejeta iko wapi." Nilimweleza kwamba haipo, akainama mwenyewe kutazama, akazunguka hadi mbele ya gari, akarudi, na nilimwona hajaamini. Kisha akataka kuyamwagia maji mapezi ya silinda, zile mbavu nyembamba za chuma zinazotoa joto. Nilimsihi asifanye hivyo, kwa sababu chuma kilichopata moto kiasi kile kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka, na hedi za aluminiamu, yaani vichwa vya silinda, zikipasuka hapa kwetu hupati nyingine kwa urahisi. Tulikaa chini ya mti zaidi ya saa moja na nusu. Nilisubiri jua lizame, nikarudi polepole, nikisimama kila baada ya kilomita chache kushika kijiti.

Kesho yake asubuhi nililala chini ya gari kwa tochi, na nilichokiona ndicho kilichonifanya niandike.

Injini ya Kombi hupozwa kwa hewa. Feni huvuta hewa kutoka juu, huisukuma ndani ya ganda la bati lililozifunika silinda zote nne, na hewa hiyo hupita katikati ya mapezi ya silinda na kutokea chini ikiwa imebeba joto. Kuizunguka injini yote kuna ukingo wa mpira unaoziba nafasi kati yake na bodi, na kazi ya mpira huo ni kuzuia hewa ya moto iliyotoka chini isipande tena juu na kuvutwa na feni mara ya pili. Chini ya silinda kuna vibati viwili vidogo, kimoja kila upande, vinavyoilazimisha hewa ipite kwenye mapezi badala ya kuteremka katika upenyo uliopo kati ya silinda na silinda. Mtu asiyejua huviona kama vizibo. Mpira haukuwapo. Vibati vyote viwili havikuwapo. Feni yangu ilikuwa inaipuliza injini kwa joto lake yenyewe.

Nilikwenda gereji nikiwa nimetulia, naomba niaminiwe. Nilimkuta mwenye gereji amekaa kwenye kiti chake kivulini. Nilimwamkia, nikamweleza kilichotokea, nikamuuliza mpira na vibati viko wapi. Alinijibu bila kusimama kwamba waliviondoa ili injini ipumue, kwa kuwa hizo ni takataka za kiwandani kwa ajili ya nchi za baridi. Nilimweleza, kwa maneno yaleyale niliyoyaandika hapo juu, kazi ya kila kimoja. Hapo ndipo aliponikatisha akasema, "Mama, mwite baba mwenye gari aje, tutaelewana naye." Nikamwambia kwamba baba mwenye gari amefariki na gari ni langu. Akasema, "Basi liuze chuma chakavu upumzike."

Nimeambiwa mambo mengi maishani, lakini sijui kama kuna neno lililoniingia kama hilo. Ninalifikiria ninapoendesha, ninalifikiria ninapopika. Mimi ndiye ninayerekebisha vali za gari hilo, injini ikiwa baridi, nikipitisha kipimo cha milimita 0.15 kila vali, kama baba alivyonifundisha nilipokuwa bado binti wa shule. Mimi ndiye niliyejifunza kwamba silinda namba 3 ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu katika injini za zamani kipoozeo cha oili kilikaa juu yake na kuinyima hewa, na kwamba kabureta ikivuta hewa ya pembeni kwa gasketi mbovu, au taimingi, yaani wakati wa cheche za plagi, ikichelewa, injini huchemka hata kama feni ni nzima. Halafu mtu aliyezivua sehemu zake ananiambia nimwite mwanamume.

Nikiwa nimesimama pale nikitafuta la kusema, macho yangu yaliangukia chini ya meza ya kazi. Kulikuwa na chombo kidogo cha bati chenye petroli, na ndani yake wameloweka boliti. Ukingo wake mmoja ulikuwa umepindwa kwa namna ninayoijua. Nilichutama. Pembeni, chini ya uchafu, nilisoma namba zilizochorwa kwa msumari, 3–4, mwandiko wa baba, ile 4 yake iliyo wazi juu. Kilikuwa kibati cha upande wa kushoto, wa silinda namba 3 na 4.

Sikukigusa, kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka. Aliyekigusa ni kijana mmoja anayejifunza kazi pale. Alikuja kimya, akaniamkia, akamimina boliti kwenye kopo la rangi, akakisugua kibati kwa tambara hadi namba zikaonekana, akanikabidhi kwa mikono miwili. Bosi wake akamfokea mbele yangu. Kijana hakujibu.

Nilikuwa nimeamua kumwambia kila mtu asikanyage pale, na huo ndio ungekuwa mwisho wa maelezo yangu. Lakini Jumapili iliyofuata kijana yule alifika nyumbani, akaomba nimfundishe kile kibati kinakaaje. Tulikwenda naye mtaa wa Ng'ambo hapa mjini kwa fundi wa majiko, ambaye alikiweka kibati cha baba juu ya bati jipya, akakata mfano wake na kuukunja kwa nyundo palepale, kazi safi kabisa, maana kibati cha pili hakikupatikana hadi leo. Kwa ukingo tulitumia mpira wa mlango wa basi kuukuu, tukauingiza taratibu kuizunguka injini pasipo kuacha hata upenyo wa kidole. Kijana mwenyewe aligundua kwamba vimpira vidogo vinavyoziba pale nyaya za plagi zinapoingia navyo vilikuwa vimepotea viwili, na kwamba mkanda wa feni walikuwa wameukaza kupita kiasi. Alipunguza hadi ukabonyea kwa dole gumba kiasi cha sentimita moja na nusu, inavyotakiwa. Alipomaliza alifuta hata alama za vidole vyake. Sijapata fundi mwenye heshima na kazi kama hiyo kwa miaka mingi, na kwa siku kadhaa nilikuwa tayari kuandika kwamba gereji ile ina hazina, na kwamba ukienda muulizie kijana mwembamba asiyesema sana.

Sasa ninapoandika naona siwezi kusema hivyo. Kijana hufanya anachoagizwa, na aliniambia mwenyewe, kwa aibu, kwamba yeye ndiye aliyetumwa kuuvuta ule mpira na kuutupa. Aliuliza sababu, akaambiwa afanye kazi. Kwa hiyo ukipeleka Kombi yako pale, hata ukimkuta yeye, sehemu zako bado ziko mikononi mwa yule aliyekaa kwenye kiti. Nakiri kwamba sili waliyoweka haijavuja hata tone, na kazi hiyo ilikuwa nzuri. Ila sili nzuri haikunisaidia kitu pale barabarani, nikiwa na nusu tani ya asali na taa ya oili ikipepesa.

Wiki iliyopita nilikwenda tena Sikonge, mzigo uleule, mchana uleule wa jua. Nilisimama mara mbili njiani, nikachomoa kijiti, nikakishika kwa vidole viwili, na mara zote mbili kilishikika.

Nimeomba nirudishiwe nusu ya fedha, pamoja na gharama ya kibati kilichopotea na mpira. Nimejibiwa kwamba nirudi Jumatatu. Hii ni mara ya tatu kuambiwa Jumatatu, na mara ya mwisho aliniuliza tena kama baba hawezi kuja yeye.