Uchambuzi: Siku nne pwani ya Northumberland, safari inayopangwa na maji

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Karibuni tena.

Kabla sijasema lolote, tazameni nyuma yangu. Mnaiona ile barabara ya lami? Muda si mrefu magari yalikuwa yanapita pale. Sasa tazameni maji yanavyoimeza. Na kile kijumba cheupe kilichosimama juu ya miguu, mbele kidogo, ni kibanda cha kukimbilia. Mtu akikamatwa na maji katikati, analiacha gari, anapanda ngazi, anakaa humo mpaka aokolewe. Na wapo wanaokamatwa kila mwaka, ingawa ratiba ya maji imebandikwa kubwa kabisa mwanzo wa barabara.

Hapa ni Northumberland, kaskazini mashariki kabisa ya Uingereza, ukisogea kidogo tu unaingia Scotland. Kisiwa kile mbele ni Lindisfarne, wenyewe wanakiita Holy Island, yaani Kisiwa Kitakatifu. Mara mbili kila siku bahari inakikata, na barabara hii yenyewe ni ya mwaka 1954. Kabla ya hapo watu walivuka juu ya mchanga.

Mimi ni mtoto wa Pangani. Maji kupwa na kujaa nimefundishwa na bibi yangu kabla sijajua kusoma saa ya ukutani. Ndiyo maana mahali hapa pamenishika. Wengi wetu tukifika nchi hii ni London, Manchester kwa ajili ya mpira, picha mbili tatu, basi. Halafu tunasema Uingereza ni majengo na baridi. Ndugu zangu, kuna Uingereza nyingine huku, ya wavuvi na mchanga, na mtu wa pwani ataielewa haraka kuliko anavyodhani.

Sasa njia ya mchanga bado ipo. Imewekewa nguzo ndefu za mbao, karibu kilomita tano, na mahujaji wanaifuata mpaka leo. Nilivua viatu, nikaingia. Matope ya baridi mpaka kwenye vifundo, kombe zilizovunjika, ndege wa pwani wamejaa. Halafu zile sauti! Nilidhani ni watu wanaomboleza mbali, kumbe ni sili, wanyama wa baharini, wamelala kundi kubwa kwenye fungu la mchanga, wanaimba. Nilisimama pale hata nikasahau kurekodi, kwa hiyo sauti hizo sina za kuwawekea. Nawaomba sana: ingieni maji yakiwa bado yanatoka, msingoje yaanze kurudi. Siku za bamvua yanarudi kwa kasi, na kwenye vijito yanakuzunguka kwa nyuma.

Kwa nini patakatifu? Mwaka 635 mtawa Aidan alitoka kisiwa cha Iona, kule Scotland, kwa mwaliko wa mfalme Oswald, akajenga monasteri hapa. Baadaye akaja mtawa Cuthbert, ambaye watu wa kaskazini wanampenda hadi leo. Hapa ndipo ilipoandikwa kwa mkono ile Injili maarufu ya Lindisfarne, yenye kurasa za nakshi ambazo ukizitazama unafikiria milango ya Lamu na Unguja, mistari inaingia na kutoka bila mwisho. Kitabu chenyewe kinahifadhiwa London, kwenye maktaba ya British Library, msije mkakitafuta kisiwani. Mwaka 793 Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, wakatua, wakaua watawa na kupora. Magofu mekundu mtakayoyaona si ya enzi hizo, ni ya monasteri iliyojengwa baadaye, lakini simameni chini ya lile tao jembamba lililobaki hewani. Linatosha peke yake.

Kitu kingine nilichokipenda kisiwani: boti kuukuu za uvuvi zimepinduliwa, zikapakwa lami, zikawekewa mlango, sasa ni stoo za nyavu. Chombo hakitupwi.

Kasoro? Zipo. Mchana maji yakipwa kisiwa kinajaa magari, foleni hata ya chai. Ushauri wangu, laleni kisiwani usiku mmoja. Maji yakijaa wageni wote wameshaondoka, mnabaki na wenyeji, ambao hawafiki hata mia mbili, na upepo. Ila malazi ni machache na bei ni kali. Nyumba ya wageni niliyolala ilinitoza pesa nyingi kwa chumba ambacho dirisha lilipitisha baridi usiku kucha, na nilipolalamika sikusikilizwa. Wekeni nafasi mapema, na ulizeni juu ya joto la chumba kabla ya kulipa.

Kusini kidogo ni Bamburgh. Ngome kubwa juu ya mwamba, chini yake mchanga mweupe mrefu. Wengi wanapiga picha ngome wanaondoka. Mimi nilikwenda makaburini, kwa Grace Darling. Huyu alikuwa binti wa mlinzi wa mnara wa taa wa Longstone, baharini huko kwenye visiwa vya Farne. Septemba 1838 meli ya Forfarshire ikapasuka kwenye miamba usiku wa dhoruba. Yeye, miaka 22, na baba yake wakaingia kwenye mtumbwi wa makasia, wakawafikia waliokuwa wameng'ang'ania jiwe. Watu tisa waliokolewa pale. Nchi nzima ikamjua. Miaka minne baadaye akafa kwa kifua kikuu, ana 26. Mbele ya kanisa kuna makumbusho yake, ni ndogo. Mwenye ndugu aliyewahi kupotelea baharini hatatoka humo haraka.

Kijiji cha Craster nitakisema kwa ajili ya samaki. Heringi anapasuliwa, anatiwa kwenye maji ya chumvi, anatundikwa kwenye moshi wa mwaloni saa nyingi. Wanamwita kipper. Jumba la kufukizia la mwaka 1856 bado linafanya kazi, na harufu yake inakupokea kabla hujaona bahari. Si ng'onda, msitegemee chumvi ile. Huyu ni laini, ana mafuta. Bebeni ndimu na pilipili zenu.

Berwick-upon-Tweed ndiyo kituo cha treni, kama saa tatu u nusu za safari kutoka London. Mji huu uligombaniwa na Waingereza na Waskoti, inasemekana ulibadilisha mikono mara 13, hadi 1482. Timu yake ya mpira iko Uingereza lakini inacheza ligi za Scotland. Tembeeni juu ya kuta zake, ni bure. Kwa familia yenye bajeti ndogo, laleni hapa badala ya kisiwani, mpande basi. Basi la kisiwani lenyewe linafuata maji, saa za kuondoka zinabadilika kila siku, na nje ya majira ya joto haliendi kila siku.

Msije Desemba. Jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Juni linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo wanaoswali jipangeni, Isha inachelewa mno.

Mimi visiwa vya Farne sikufika. Upepo ulikuwa mkali, boti za kwenda huko kutoka Seahouses zikazuiwa siku zote mbili nilizokwenda bandarini. Ndege wanaoitwa puffin, wenye mdomo wa rangi ya chungwa, wanakaa huko kuanzia Aprili hadi Julai, halafu wanarudi baharini. Narudi mwezi wa tano. Mwenye nia ya kuja aniandikie hapo chini, tiketi ya boti tutaikata pamoja.