Pakiti ya noti za dharura za Ujerumani: nyingi si za vita

Nimekaa dirishani benki miaka mingi, kwa hiyo noti naijua kwa vidole kabla sijaisoma. Pakiti hii ya noti 20 za dharura za miji ya Ujerumani niliiagiza mtandaoni, na tangazo lilisema "noti za vita, 1914–1918". Ilifika Dar salama, ndani ya bahasha ngumu yenye kadibodi mbili. Hapo sina neno.

Kilichomo sasa. Za vita hasa ni sita. Niliyoipenda ni ya Köln, pfennig 50 (senti za Wajerumani), ya 1918: karatasi imelegea kama kitenge kilichofuliwa mno, mkunjo wa katikati umeanza kuachia, pembe zimeingia weusi wa mikono. Hii ilifanya kazi. Vita vilipoanza Agosti 1914 watu walificha sarafu za fedha, baadaye shaba na nikeli zikatakiwa kwenye viwanda vya silaha, na mwenye duka akakosa chenji kabisa. Basi mji ukachapa vijikaratasi vyake, ukaweka jina na saini, ukaahidi kuvilipa. Huku kwetu Wajerumani walibanwa hivyo hivyo: Waingereza walipofunga bahari, noti za rupia zikachapwa humu humu nchini, na mwaka 1916 Tabora ikafua sarafu, hadi za dhahabu zenye tembo.

Zilizobaki 14 ni za 1921 na 1922. Ni nzuri, sikatai. Ya mji wa Hameln ina mpiga filimbi wa ile hadithi ya kale, na panya wake, rangi zote zipo, hakuna hata mkunjo. Ndiyo maana haikunigusa. Nyingi za miaka hiyo miji ilichapa kuwauzia wakusanyaji, ikijua wengi wao hawatarudi kudai pesa.

Mifuko nayo ya plastiki inanata na kunuka; nimezitoa zote siku ile ile.

Nilipomwandikia muuzaji alijibu upesi, kwa adabu, kwamba zote ni noti za dharura. Kweli, lakini mimi nililipia za vita. Akanipa punguzo la oda ijayo. Ahsante, abaki nalo.

Nyota tatu, na moja ni ya Köln peke yake. Ukitaka kuagiza, dai kwanza picha za pande zote mbili na usome mwaka mwenyewe.