Ufizi wa kupandikizwa na ufizi wa kuvaa: uzoefu wangu Bukavu

Mimi ni mwalimu hapa Kadutu. Kwa miaka mitatu nilifundisha mkono ukiwa mdomoni, maana fizi za juu zilikuwa zimepanda hadi mizizi ikabaki wazi, na kati ya jino na jino pakafunguka matundu meusi. Nikitamka "sisi", upepo unapita. Chini, chonge ya kushoto iliniuma kila nikinywa maji baridi.

Kabine ya kwanza ya meno niliyoenda walitaka kunifunika fizi bila hata kunisafisha meno. Nashukuru nilikataa. Daktari wa pili alianza na ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno: alinikwangua hadi chini ya fizi, mara mbili, akanionyesha kushika mswaki laini kwa vidole, si kwa ngumi. Akaniambia wazi kwamba ufizi ukishapungua hauoti tena wenyewe.

Kwenye chonge alinipasua. Alitoa kipande chembamba cha nyama kwenye kaakaa, akakilaza juu ya mzizi, akauvuta ufizi ukifunike, akashona. Chini ya ganzi nilihisi uzi ukivutwa tu, bila maumivu. Kilichoniuma baadaye ni kaakaa! Wiki nzima nilikunywa uji uliopoa. Sambaza, visamaki vya Ziwa Kivu, sikugusa, maana kimfupa kidogo tu kingechokoa nyuzi. Zilitolewa siku ya 14. Sasa ni miezi minane, mzizi umefunikwa na maji baridi nakunywa. Ningekubali kupasuliwa tena.

Meno ya juu hakutaka kuyapasua. Mfupa kati yake ulishaliwa na ugonjwa wa fizi, na nyama ya kupandikiza haijazi vizuri matundu ya namna hiyo. Akanitengenezea ufizi wa kuvaa, wa silikoni, unaojibana wenyewe katikati ya meno bila gundi. Wa kwanza ulikuja na rangi ya waridi tupu, na fizi zangu zina weusi. Ulionekana kama kiraka. Niliurudisha, wakachanganya kahawia hadi ukafanana. Dai rangi yako, usione haya. Siku niliyouvaa nilisoma imla yote, kitabu nimekishika kwa mikono miwili.

Lakini hautibu kitu. Chai inaubadilisha rangi, na ukilala nao uchafu unajikusanya chini yake, ugonjwa unarudi. Wangu unalala kwenye kikombe cha maji, na kila baada ya miezi mitatu narudi kukwanguliwa.