Programu za Katuni za Mkono: Ipi Ununue kwa Ajili ya Fremu na Muda?

Ukisoma matangazo ya programu za kuchora katuni utadhani kazi yote ni brashi. Brashi za mkaa, za wino, za rangi ya maji, kwa mamia. Anayechora fremu kwa fremu, yaani picha moja moja ya filamu, anajua kwamba siku humwishia kwingine: mchoro huu ukae kidogo zaidi, ule uwahi, ngumi itue fremu mbili kabla ya mlio. Kwa hiyo hapa nimepanga programu kwa kigezo kimoja kikuu, ingawa bei nayo ina sauti. Ukishamaliza kuchora, unaweza kubadili muda kwa urahisi gani bila kuchora upya?

Hesabu yake ni fupi. Kwa kasi ya kawaida ya filamu, sekunde moja ina fremu 24. Wachoraji wengi hukalisha kila mchoro fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Wengine hukalisha fremu tatu, ikawa michoro 8. Tukio la sekunde 10 lina fremu 240, lakini laweza kuhitaji michoro 120 au 80 tu. Programu nzuri ni ile inayoelewa kwamba mchoro ni kitu kimoja na muda wa kukaa kwake ni kitu kingine.

Kabla ya kulipa, ijaribu hivi. Chora mpira unaodunda, michoro sita. Refusha mchoro wa tatu ukae fremu nne, uone kama iliyofuata imesogea yenyewe au imefunikwa. Kisha rudia mchoro wa kwanza mwishoni na uufute kidogo: je, mwanzo na mwisho vimebadilika pamoja, au sasa una nakala mbili zisizojuana? Nyingi zina kipindi cha majaribio, na zoezi hili litakuonyesha mengi kuliko video za matangazo.

Nafasi ya kwanza naipa Clip Studio Paint, toleo la EX. Najua wanaoanza huilalamikia: unachora, na mchoro hauonekani mpaka uupangie fremu yake kwenye mstari wa muda, ule ukanda unaoonyesha fremu kwa mfuatano. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake. Michoro inakaa kwenye folda yake, na mstari wa muda unasema tu ni mchoro namba ngapi uonekane wakati gani. Macho yaliyofumba unayachora mara moja, unayaita kila anapopepesa. Ila angalia toleo. Lile la bei nafuu, PRO, lina kikomo cha fremu 24. Kwa kasi ya filamu hiyo ni sekunde moja kamili. Kwa fremu 8 kwa sekunde ni sekunde tatu. Linatosha kwa picha fupi inayojirudia, basi. Jambo jingine: kwenye Windows na macOS unaweza kununua leseni mara moja, lakini kwenye tableti na simu utalipia kwa mwezi au kwa mwaka.

Ya pili ni Toon Boom Harmony, ya Canada. Kwa kigezo changu peke yake ingeshinda: ina mstari wa muda na pia jedwali la fremu linaloshuka chini, kila safu wima ikiwa leya moja, yaani tabaka moja la picha, na kubadilisha mchoro unaoonekana kwenye fremu ni jambo la sekunde. Inashuka kwa sababu ni malipo yasiyokoma, na toleo la juu limejaa zana za kuunganisha viungo vya mhusika ambazo mchoraji wa mkono hatazigusa. Kama unalenga kazi ya studio, ipandishe ya kwanza.

TVPaint ya Ufaransa naiweka ya tatu, na wapenzi wake watanikasirikia. Kurefusha mchoro ni kuvuta ukingo wake tu, na mkono unasahau kwamba unatumia kompyuta. Unaweza hata kuiagiza leya ijirudie au iende na kurudi bila kunakili chochote. Lakini ni ghali, na anayenunua kwa mara ya kwanza hahitaji kuanzia huko.

OpenToonz ni bure, na hilo lisikudanganye. Ni mtoto wa Toonz, programu ya Kiitaliano iliyotumiwa na Studio Ghibli, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2016 baada ya kununuliwa na Dwango ya Japani. Jedwali lake la fremu lina nguvu kweli: unaandika namba ya mchoro ndani ya kisanduku, unachagua kundi zima na kuliamuru likae fremu mbili mbili. Tatizo ni tabia zake. Faili la tukio hubeba mpangilio tu. Michoro huhifadhiwa kwenye mafaili yake pembeni. Ukihamisha moja na kuacha mengine, utafungua ukurasa mtupu. Tahoma2D, iliyochipuka kutoka humo, ni pole zaidi kwa mgeni.

Krita nayo ni bure, na kwa uchoraji wenyewe inazishinda baadhi ya zile za kulipia. Kwenye muda ni ya wastani. Tena inakula kumbukumbu, kama programu zote za aina hii: mchoro mmoja wa pikseli 1920 kwa 1080, kabla ya kubanwa, ni takriban megabaiti 8 kwa leya. Michoro 120 ya leya moja inakaribia gigabaiti nzima. Ongeza leya tatu na utaelewa kwa nini pesa ya programu huenda ingefaa zaidi kununua RAM.

Kwa tableti, RoughAnimator. Unalipa mara moja, ni ndogo, na urefu wa kila mchoro unavutwa kwa kidole. Haina mapambo, lakini kwa kupanga mwendo kabla ya kusafisha mistari sijui ungehitaji nini zaidi. FlipaClip ni ya kujifunzia kwenye simu. Ukitaka mchoro ukae unanakili fremu, na marekebisho ya muda yanageuka adhabu.

Yoyote utakayonunua, weka kasi ya fremu kabla ya mstari wa kwanza. Ukichora fremu 240 kwa kasi ya 24 kisha ukahamia 30, programu nyingi zitazicheza kwa sekunde 8, huku sauti ikibaki na sekunde zake 10, na midomo itamaliza kusema kabla ya maneno.